Sufuria, Mwambie Huyo Mtu

Mabukwe wangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Usishtuke. Najua mimi na wewe hatujawahi kuongea hivi, moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu wala kitu. Hata sasa nimegeuza kiti, nimeipa mgongo ile picha yako iliyo juu ya kabati la tivii, ili heshima ibaki pale pale ulipoiacha. Kwenu Burundi mnasema mabukwe, kwetu Kongo tunasema bukwe, Watanzania waliotupokea kwenye kambi ya wakimbizi wanasema mama mkwe. Kwenye mambo mengine tunabishana mpaka asubuhi, lakini kwenye hili mimi na wewe tulikubaliana bila mkutano: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawashikani mikono, na hawali huku wanaonana.

Sasa Mama, aliyeitunga hiyo desturi hakuwahi kupanga apatimenti Haltom City, huku Texas. Huko nyumbani mama mkwe anakaa mlima ule, mkwe anakaa mlima huu, mkikutana njiani mmoja anaingia kwenye migomba anajifanya anatafuta kuni. Hapa tungeingia wapi? Chumba chetu mimi na mwanao Espe, chumba chako, bafu moja, na sebule iliyoshikana na jiko kama mapacha. Nilipoambiwa unakuja kukaa na sisi nilimuuliza Espe, "Mimi nitakuwa nalala kwenye gari?" Akasema, "Mama atajua la kufanya."

Na ulijua. Ulitoka uwanja wa ndege na begi lako la kamba, na lile blanketi la kwenye ndege umejifunga kiunoni kama hukujua ni la wenyewe. Mpaka leo sijui kama ulilichukua kwa kusahau au kwa mayele, ujanja tu. Kabla hujakaa ukamwomba Espe kitenge na misumari. Mimi nilikuwa nimejificha chooni, nikasikia nyundo. Nilipotoka, kulikuwa na pazia kati ya jiko na sebule, kitenge cha njano chenye picha za kuku. Wewe ukawa upande wa sufuria, mimi nikawa upande wa tivii. Basi, mipaka ya nchi imechorwa, hakuna aliyekufa.

Jioni ile narudi kutoka kubeba makochi ya watu wanaohama, naingia ndani, nasikia sauti kutoka nyuma ya pazia.

"Wewe sufuria, mwambie huyo mtu aliyeingia avue viatu. Nimetoka kupiga deki."

Nikaangalia huku na huku. Sufuria gani? Mtu gani? Espe alicheka mpaka akakaa chini. Nikavua viatu. Halafu, wewe unanijua, mimi sijawahi kushindwa kwenye mazungumzo hata na ukuta. Nikaigeukia tivii.

"Wewe tivii, iambie sufuria viatu vimevuliwa. Na iambie isichungulie, soksi zina matundu."

Nikasikia kitu kama maji yanaanza kuchemka. Espe aliniambia baadaye ulikuwa umejiziba mdomo na upindo wa kitenge, mabega yanaruka. Mama, siku ile ndiyo nilijua tutaishi vizuri. Mtu anayecheka huku anajificha ni mtu wangu.

Ndivyo tulivyoishi. Mimi nakufahamu kwa sauti, na kwa visigino, kwa sababu pazia lilikuwa fupi chini. Visigino vyako vilikuwa na nyufa kama barabara ya kwenda kambini wakati wa kiangazi. Nilikuwa nikiviona vinakwenda jiko na kurudi, jiko na kurudi, nikajua hali yako ya siku. Vikienda polepole, goti linauma. Vikienda haraka, kuna harufu nzuri njiani.

Na harufu nzuri kuliko zote ilikuwa ya maziwa yako.

Mimi ni mtoto wa watu wa dagaa, Mama. Kwetu maziwa ni kitu cha kuweka kwenye chai, tena kidogo, kama dawa. Darasani niliishia la nne, lakini hata waliofika chuo kwetu hawajui kugandisha maziwa. Nilipomwoa Espe nilijua nimeoa watu wa ng'ombe, ila sikujua ng'ombe anaweza kukufuata mpaka Texas bila yeye mwenyewe kuja. Wiki ya kwanza ulionja yale ya dukani, ya kikopo, yenye picha ya tunda. Nikakusikia unasema, "Wewe sufuria, haya wameyapaka mafuta ya nywele." Kesho yake ukataka kupelekwa dukani mwenyewe.

Safari za dukani zile nikizikumbuka nacheka peke yangu barabarani, madereva wengine wanadhani nimekunywa. Wewe ulikaa kiti cha nyuma, nyuma kabisa ya dereva. Na mimi, kwa heshima, nikageuza kioo cha katikati kikatazama dari. Kubadilisha njia nilikuwa nabadilisha kwa imani. Dukani mimi natangulia na toroli, siangalii nyuma, wewe unakuja taratibu, nasikia tu kitu kimetua ndani, pu. Chumvi. Pu. Vitunguu. Kwenye maziwa ulisimama muda mrefu. Hukujua kusoma hata neno la pale, lakini ulishika galoni moja moja, ukaitikisa, ukaitazama inavyotulia. Ya kifuniko cha buluu ukairudisha. Ya kifuniko cha kijani ukairudisha haraka zaidi.

"Wewe toroli," ukasema, "huyo ng'ombe alioga humu ndani."

Ukachagua yenye kifuniko chekundu, yenye mafuta yake yote. Mpaka leo ndiyo hiyo hiyo.

Mtindi wako wa kwanza Marekani uliuanzisha na kikopo cha dukani kisicho na sukari wala tunda, kijiko chako kimoja cha mbao, ile sufuria yetu yenye mkono mmoja, na kasha la plastiki ambalo Wamarekani wanawekea barafu na soda wakienda kuchoma nyama. Nakumbuka niliuliza, "Wewe tivii, iulize sufuria, kasha la baridi linafanya kazi gani kwenye kitu cha moto?" Ukajibu, "Mwambie huyo mtu, kasha halijui baridi wala moto. Kasha linajua kutunza." Nilikuwa nimelitumia hilo kasha tangu nije nchi hii na sikuwahi kulifikiria hivyo.

Nilijifunza kwa masikio, wewe ukijifanya unaifundisha sufuria. "Sasa sufuria, moto mdogo, usikimbilie. Ukiona povu linapanda pembeni kama linataka kutoroka, zima. Usiyaache yakachemka yakapiga kelele." Halafu unayaacha yapoe. Halafu inakuja sehemu ya kidole. Unaosha mikono, unachovya kidole kidogo cha mwisho, unaanza kusali Salamu Maria. Ukishindwa kuvumilia kabla ya "Bwana yu nawe", bado moto. Ukifika "Amina" na kidole hakijali kitu, umechelewa, yamepoa. Yanatakiwa yawe ya kidole kinachotaka kutoka lakini kinavumilia mpaka mwisho. Hapo unachota kidogo kwenye kikombe, unayakoroga na kijiko cha mtindi wa mwanzo, unamwaga ndani, unafunika. Sufuria inavikwa lile blanketi la ndege, inaingia kwenye kasha, kasha linafungwa. Na ukishafunga, ole wake atakayefungua kuchungulia.

Mimi niliyekulia kanisa la ngoma na spika, Salamu Maria nimejifunza kupitia pazia, kwa ajili ya maziwa. Mungu anajua njia zake.

Na unakumbuka Houston? Konsolata, dada yake Espe, amejifungua, na wewe umesema mzazi hawezi kukaa bila mtindi wa mama yake. Tukachelewa kutoka kwa sababu yangu, nilikuwa namalizia kumnyoa mtu nywele. Maziwa yalikuwa ndiyo kwanza yameingia kwenye kasha. Mimi nikasema yabaki. Wewe ukaliinua kasha, ukaingia nalo kwenye gari, ukaliweka mapajani.

"Wewe kasha, mwambie dereva apunguze mashimo. Humu ndani kuna kitu kinalala."

Mama, kutoka hapa mpaka Houston nimeendesha kama nimebeba mayai ya serikali. Malori yananipita. Bibi mmoja mwenye nywele nyeupe kuliko maziwa alinipita akanipungia mkono. Mwisho polisi akanisimamisha. Akaja dirishani, mpole tu, anauliza kwa nini naenda polepole hivi kwenye barabara kuu, na kwa nini kioo changu kinatazama juu. Kiingereza changu ni cha kubebea makochi, lakini nikamwambia ukweli: afisa, nyuma kuna mama mkwe wangu, kwa mila yetu siruhusiwi kumwangalia. Akainama, akakutazama. Wewe ukajifunika uso na kilemba, umekumbatia kasha. Akanirudia, akaniinamia karibu, kama mtu anayetaka siri.

"Hiyo mila," akasema, "mtu anajiungaje?"

Akatuachia. Akaniomba tu nirudishe kioo. Nikakirudisha, nikakifunika na kofia. Tulipofika kwa Konsolata, kasha likafunguliwa, maziwa yameganda, yametulia, juu yanang'aa kama sabuni mpya. Umeyashika mapajani njia nzima, goti lako lile linalouma, na hukulalamika hata mara moja. Konsolata alikunywa huku analia. Mimi nililetewa bakuli langu nje, kwenye gari. Nikala peke yangu kwenye kiti cha dereva, na nikakuvulia kofia, ingawa hukuniona.

Mimi mtu wa biashara, unanijua. Nanyoa, nabeba, napeleka watu kwenye maghala yao, nauza dagaa na sombe, yaani kisamvu, kwenye buti la gari. Nilipoona watu wa jengo zima wanabisha hodi wakinusa, kichwa kikaanza kuwaka. "Wewe tivii, iambie sufuria tufungue biashara. Mtindi wa Bibi. Wakenya watakuja, Watanzania watakuja, Wakongo wenzangu watakuja na ndoo." Ukajibu: "Wewe sufuria, mwambie huyo mtu kwanza ajifunze kungoja. Anataka kuuza kitu ambacho hana subira ya kukiangalia kikipoa." Espe akapiga makofi. Mimi nikajibu kwamba tivii imesikia. Lakini sikuwa nimesikia, Mama. Nitakuambia.

Ulivyoondoka unajua mwenyewe, sina haja ya kukusimulia. Kanisani watu walipanga mstari kukuaga, wanapita wanakutazama. Mimi nilisimama mlangoni, kule nyuma, nimekuinamishia kichwa. Mjomba mmoja akanivuta mkono, "Nenda, leo inaruhusiwa." Nikamwambia hapana. Mtu ambaye nilimheshimu akiwa anaweza kunitazama, siwezi kumwibia uso wake akiwa hawezi. Uso wako nimekuja kuuona kwenye picha, nyumbani, Espe alipoiweka juu ya kabati. Niliitazama mara moja tu. Kumbe ile pua ya Espe ni yako! Nilikuwa nadhani ni ya ukoo mwingine kabisa. Na sasa uko upande wangu wa tivii, umevuka mpaka bila kibali, siwezi hata kuangalia mpira vizuri.

Lakini sijakuandikia kwa ajili ya mpira. Nimekuandikia kwa ajili ya mwanao.

Baada ya msiba Espe aliacha kula. Alikuwa anaenda kazini, kule hotelini Irving anakofua mashuka, anarudi, anakaa pembeni ya kitanda na viatu miguuni. Nikipika wali, "nimekula kazini." Nikimpigia mwenzake wa kazini, ananiambia, "Shemeji, huyu hali." Wamama wa kanisa walileta masufuria ya chakula, yakaliwa na watoto wa majirani. Nilimpigia hadithi zangu zote, hata ile ya polisi, akatabasamu upande mmoja, kama mtu anayelipa nauli. Siku moja nikamwona amefunga uzi kwenye pete ya ndoa ili isidondoke. Mama, mimi naogopa vitu vichache. Uzi ule niliuogopa.

Nikamuuliza, "Unataka nini, niambie, hata kama kiko Houston nitaleta." Akageukia ukutani. "Maziwa ya mama."

Nikakimbilia friji. Nilikuwa najua umeacha kopo la mbegu, lile la kuanzishia mengine. Kopo lilikuwepo, limeoshwa, limegeuzwa, linang'aa. Wageni wa msiba walilikuta, wakaona mtindi, wakala na ugali, wakaramba mpaka pembeni. Na nasikia walisema, "Marehemu alikuwa na mkono mzuri." Sikuweza hata kuwakasirikia. Ni kweli, ulikuwa nao.

Pazia nalo lilikuwa limeondoka. Wamama walilitoa wakati wa usafi, wakalifua, wakalikunja, na hakuna aliyelirudisha. Kwa ajili ya nani?

Nikaanza peke yangu. Kwanza nikaona dukani chupa ya maziwa mazito yenye uchachu, nikasema, hii hapa, Wamarekani wametumaliza kazi. Kumbe ni ya kukandia mikate. Espe alinusa, akanirudishia kikombe bila neno. Mara ya pili nikachemsha mwenyewe, nikatia kijiko cha mtindi wa dukani nilioukuta kwenye friji. Sikuangalia kikopo vizuri. Ulikuwa wa vanila. Asubuhi nyumba nzima inanukia kama saluni siku ya harusi. Jirani yetu Mkenya akabisha hodi: "Bro, mmefungua bakery?" Nikamwambia tumefungua duka la aibu.

Basi nikajipanga kama mtu mzima. Kifuniko chekundu. Mtindi mtupu, hauna tunda, hauna sukari. Sufuria ya mkono mmoja. Blanketi la ndege. Povu likapanda pembeni, nikazima. Nikasubiri. Nikaosha mikono, nikachovya kidole, nikasali, kidole kikavumilia mpaka Amina. Nikatia mbegu, nikafunika, nikafunga kasha. Kesho yake nafungua: maji meupe. Yameamka kama yalivyolala. Nikarudia. Maji. Nikarudia tena. Maji. Nikaweka kasha kwenye gari juani, jua la hapa unalijua. Maji, tena yananuka.

Nikampigia Konsolata. "Shemeji, nakosea wapi?"

"Mama alikuwa anaweka kidole."

"Nimeweka."

"Na anasali."

"Nimesali."

"Basi sijui, shemeji. Mimi nilikuwa nakunywa tu."

Nikakaa sebuleni nikatazama jiko lililo wazi, nikaona kitu kimoja: mikono yangu haijui kufanya hii kazi bila pazia. Kila kitu nilikijua kwa kusikia. Nikaenda kabatini, nikachukua kitenge cha kuku, nikakitundika kwenye misumari yako ile ile. Safari hii mimi nikawa upande wa jiko.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Espe amerudi kutoka kazini, amekaa kwenye kochi, pale nilipokuwa nakaa mimi, tivii imezimwa. Nikapasha maziwa, nikazima, nikangoja kidogo, maana saa nane nilikuwa na mtu wa kumbebea friji. Nikachovya kidole, nikaanza.

"SalamuMariaumejaaneemaBwanayunaweumebarikiwakulikowanawakewote..."

"Wewe!"

Kidole kikatoka. Sauti imetoka upande wa pili wa pazia.

"Unasali au unapiga mnada?"

"Si nasali, mke wangu. Nimefika karibu na Amina."

"Hivyo ndivyo ulivyokuwa unasali siku zote hizi?"

"Mama Maria anasikia haraka, ana kazi nyingi."

Hakucheka. Nikadhani nimeharibu. Kisha akasema, polepole, "Mama hakuwa anasali hivyo."

Hapo ndipo lile neno lako la kungoja lilinifikia, Mama, limechelewa kama barua ya kambini. Siku zote nilidhani unasali taratibu kwa sababu ya uzee, au goti. Kumbe ule mwendo ndio ulikuwa kipimo chenyewe. Mimi na kasi yangu ya mtaani nilikuwa namaliza Salamu Maria kidole hakijapata nafasi ya kusema "ai". Nilikuwa nawaunguza wale viumbe wadogo wa mbegu, wanaogandisha, kwenye maziwa ya moto, halafu nalaumu duka.

"Alisali vipi?" nikauliza. "Nifundishe."

Nikaona miguu yake chini ya pazia, na viatu vya kazi. Alikuwa amesimama. Tangu tukuzike hakuwa amesali, Mama, hata kanisani alikuwa anafunga mdomo. Kisha akaanza, kwa mwendo wako, kila neno linakaa chini kwanza ndipo lingine linaingia.

"Salamu Maria... umejaa neema... Bwana..."

"Ai!" Kidole kikaruka.

"Bado moto," akasema. "Ngoja."

Tukangoja, yeye kule, mimi huku. Simu ya mwenye friji ikaita, nikaizima. Nikasikia anavua kiatu kimoja, kisha cha pili. Tukajaribu tena, nikatoka kwenye "wanawake wote". Ngoja. Tena. Safari ile nikafika mbali, kidole kinalalamika lakini kinavumilia, na yeye anaendelea, "utuombee sisi wakosefu... sasa... na saa ya..."

Akasimama hapo.

Unajua yanayofuata pale, Mama. Hakuweza kuyasema. Nikasikia anavuta pumzi, anaikosa, anaivuta tena. Na mimi kidole kimo ndani ya maziwa. Nani angekitoa? Nilisema moyoni, hata kikiiva, hiki ni chake leo. Nikasikia anaegemea ukuta, analia, analia kwa sauti kama hakulia hata siku ya msiba. Mimi sikwenda. Kitu kiliniambia nisifungue pazia, kama unavyokataza kufungua kasha.

Kisha akamaliza. "Na saa ya kufa kwetu. Amina."

"Amina," nikasema mimi.

"Tia sasa," akasema. "Usikoroge sana."

Nikatia. Nikafunika, nikaivika sufuria blanketi, nikafunga kasha. Sikuchungulia. Mama, mimi! Nililipita kasha lile kwenda na kurudi kama mtu anayepita mbele ya nyama choma akiwa amefunga, na sikuchungulia.

Asubuhi ya Jumapili Espe mwenyewe ndiye aliyelifungua. Mimi nilijifanya natafuta soksi. Nikasikia kifuniko, kisha kijiko kinakata kitu kizito. Akachukua kikombe, akakaa, kwa sababu uliwafundisha maziwa hayanywewi mtu amesimama. Mimi nikakaa upande wa tivii, moyo unapiga kama injini ya gari langu bovu.

Akanywa. Akanywa tena. Na kutoka nyuma ya lile pazia la kuku, Mama, nikasikia:

"Wewe sufuria. Mwambie huyo mtu yamekaa."

Nikasogea ukingoni mwa kochi.

"Na mwambie," akasema, "asonge ugali. Nina njaa."

Nikaigeukia tivii nijibu, kama kawaida yangu. Nikafungua mdomo. Mama, mimi niliyeongea na polisi, mimi ninayemuuzia Mmarekani dagaa akashukuru, tivii haikupata hata neno moja. Nikainuka tu nikatafuta unga.

Aliula, Mama. Aliula wote na akaniuliza kama upo mwingine. Uzi bado uko kwenye pete, lakini naona umeanza kubana. Sasa kila Jumamosi tunafanya hivyo hivyo, mimi kidole, yeye sala. Watu wa jengo wameanza tena kubisha hodi na vikopo. Jirani Mkenya ameniambia nifungue biashara, nami nikamwambia kwanza ajifunze kungoja. Alinitazama kama nimeokoka.

Mbegu tumetenga makopo mawili, moja tumelipeleka kwa Konsolata Houston, ili wageni wakija wasitumalize. Ingawa sasa najua hata wakila zote, maziwa yako hayakuwa kwenye kopo.

Sina mengi. Ahsante kwa Espe. Ahsante kwa kunicheka na kwa kunivumilia. Na kama kuna jambo nililotamani, ni kukaa meza moja na wewe mara moja tu nikuone ukicheka, lakini tusiharibu desturi nzuri dakika ya mwisho.

Kikombe chako nimekiweka hapo chini ya picha, kimejaa. Nimeshageuka. Kunywa taratibu Mama, sikuangalii.

Mkwe wako,
yule wa upande wa tivii